Tunaogopa Kuua au Tunaogopa Kugusa?

Tarehe 26 Juni 2003, kwenye uwanja wa Lyon, Ufaransa, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka bila kuguswa na mtu. Hakuamka tena. Alikuwa na miaka 28. Tarehe 12 Juni 2021, mjini Copenhagen, Christian Eriksen wa Denmark naye akaanguka vivyo hivyo katika mechi dhidi ya Finland. Yeye alisukumwa kifua, akapigwa mshtuko wa umeme, na mwaka uliofuata alirudi kucheza mpira. Siwalinganishi, maana kila moyo una maradhi yake. Ila wote wawili walianguka mbele ya madaktari. Mimi nawaza yule atakayeanguka mbele yetu sisi, stendi, sokoni au harusini. Tuna deni gani kwake?

Swali hili zamani lilikuwa na jibu rahisi: mimi si daktari. Siku hizi, kwenye viwanja vya ndege na vituo vya treni vya nchi nyingi, kuna kisanduku ukutani chenye alama ya moyo uliopigwa radi. Ndani yake mna mashine ndogo ya kushtua moyo iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu yeyote anayepita. Jibu letu la zamani limebomoka, na badala yake tumejijengea imani potofu.

Ya kwanza tumelishwa na hadithi. Mary Shelley, katika Frankenstein ya mwaka 1818, haelezi waziwazi kiumbe yule alitiwaje uhai. Filamu ya 1931 ndiyo iliyoleta radi na mitambo, nasi tukaamini umeme humfufua maiti. Kisha zikaja tamthilia za hospitali: mstari umenyooka kwenye skrini, daktari anapiga umeme, moyo huyoo unadunda! Kumbe mstari ulionyooka ndio usiopigwa umeme. Mashine hii ni ya moyo ambao umeme wake bado upo lakini umevurugika, moyo unaotetemeka tu bila kusukuma damu. Mshtuko huuzima ule mvurugo, ili moyo upate nafasi ya kushika tena mdundo wake.

Ya pili: eti ukikosea utamuua. Mashine hupima kwanza. Isipoona mdundo unaohitaji mshtuko, haitoi, hata ubonyeze mpaka kidole kiume. Tena inaongea, inakuambia ubandike wapi na lini msimguse mgonjwa. Na mtu asiyeitika, asiyepumua kawaida, tayari yumo njiani kuondoka. Kila dakika inayopita bila msaada, nafasi yake ya kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10.

Viwanja vya ndege vya Chicago viliweka mashine hizi mahali pa wazi mwaka 1999. Katika miaka miwili, watu 18 walipatwa na ule mvurugo wa moyo humo, na 11 kati yao wakaokolewa. Katika visa sita kati ya hivyo 11, waliotumia mashine hawakuwa wamefundishwa kuitumia, ingawa baadhi yao walikuwa na shahada ya udaktari. Wengine walikuwa wapita njia tu, kama mimi na wewe.

Sasa, kama kuua hatuwezi kirahisi hivyo, kinachotuzuia ni nini? Nadhani ni kugusa. Vibandiko vya mashine hukaa kwenye ngozi tupu, kimoja chini ya mtulinga wa kulia, kingine ubavuni kushoto chini ya kwapa. Lazima nguo ifunguliwe. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba mwanamke anayeanguka hadharani ana nafasi ndogo kuliko mwanamume ya kusukumwa kifua na watu waliopo. Sishangai. Mfikirie mama wa watu kalala chini, buibui lake limefungwa, mumewe hayupo, na simu kumi zimeshainuliwa zinarekodi. Nani atatia mkono?

Wapo watakaosema stara ni ushamba, uhai kwanza. Mimi siwezi kuitupa stara hivyo. Kwetu, kumsitiri mtu ni kumheshimu hata akiwa hana fahamu, na anayeogopa kumvua mwenzake mbele ya kaumu hana moyo mbaya. Hofu ya kulaumiwa nayo ni ya kweli. Ufaransa, kumwacha mtu aliye hatarini ilhali ungeweza kumsaidia bila kujihatarisha ni kosa la jinai, lakini sheria haiwezi kukuondolea aibu.

Ndiyo maana narudi Copenhagen. Wachezaji wa Denmark walimzunguka mwenzao, wengi wakimpa mgongo na kutazama nje, wengine wanalia, huku matabibu wakifanya kazi. Mashabiki wa Finland walitoa bendera zao zikatumika kumkinga alipokuwa akitolewa. Kifua kilifunguliwa na mtu akasitiriwa, yote kwa wakati mmoja. Kumbe stara ilikuwa kazi ya wale waliosimama. Anayeokoa anaweza kuvua nguo kwa sababu wengine wamegeuka, wametandaza kanga, wameshusha simu.

Kwa hiyo deni letu si la mtu mmoja jasiri. Mmoja apige simu ya dharura, mmoja akimbilie kisanduku, mmoja asukume kifua katikati, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na waliobaki wawe ukuta. Mahali pengi huku kwetu hicho kisanduku hakipo, lakini mikono ipo, na kanga zipo. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nami ningependa kujua, msomaji wangu: siku hiyo ikifika, wewe utakuwa upande gani wa simu?