MVUA IMEKUKUTA NJIANI? GEUKA, RUDI NYUMBANI!

Kijana mpendwa, usiitupe karatasi hii! Dakika tano zinatosha kuisoma. Huenda ulikuja mkutanoni kusikiliza vyombo tu, au ulikuwa unapita zako. Haidhuru. Mungu anajua kwa nini imefika mkononi mwako.

Nikuulize. Ukiambiwa upande baiskeli kilomita 1,200, karibu kama Dar es Salaam mpaka Mwanza, utaweza? Na upewe saa 90 tu, yaani siku 3 na saa 18. Kula humo humo, kulala humo humo, kuziba pancha humo humo!

Wako watu wanaofanya hivyo. Huko Ufaransa kuna safari ya baiskeli iitwayo Paris-Brest-Paris. Ilianza mwaka 1891 kama mashindano, na mshindi, Charles Terront, alitumia zaidi ya saa 71. Siku hizi si mashindano tena. Kila baada ya miaka 4 watu wa kawaida, wanaume kwa wanawake, huondoka eneo la Paris, wakaenda magharibi hadi mji wa Brest kwenye bahari ya Atlantiki, wakageuka, wakarudi walikotoka. Hakuna zawadi ya fedha.

Mwezi wa Agosti 2007 walianza zaidi ya watu 5,000. Mvua na upepo vikawapiga njiani, usiku na mchana. Karibu watu 3 katika kila 10 hawakumaliza. Tena si wavivu hao! Walikuwa wamefanya mazoezi, na baiskeli zao nzuri. Sasa sikiliza, maana katika siku ile ya mvua kuna neno lako.

1. MVUA HAICHAGUI MTU
Mvua ilimlowesha mwenye baiskeli ya bei kubwa, ikamlowesha na mwenye baiskeli kuukuu. Ndivyo maisha yalivyo. Yesu alifundisha juu ya nyumba mbili, moja juu ya mwamba na nyingine juu ya mchanga. Mvua ilizipiga zote mbili (Mathayo 7:24-27). Wewe ni kijana, una nguvu, unasema, "Mimi bado nipo nipo, mambo ya wokovu nitayaona uzeeni." Hivi nani alikuambia mvua inasubiri uzee? Ugonjwa hauulizi umri. Msiba haupigi hodi. Swali si kama mvua itanyesha. Swali ni itakukuta umesimama juu ya nini.

2. NGUVU ZAKO ZITAISHA
Mtu akiendesha baiskeli kwenye mvua kutwa nzima, maji huingia shingoni, viatu hujaa. Vidole hufa ganzi hata kubana breki ni shida. Mchanga unakula cheni, vijiwe vinatoboa tairi. Mwili unatumia nguvu nyingi kujipasha moto, na baadaye usingizi unakuja kama mwizi. Katika safari ile utaona wanaume wazima wamelala pembeni ya barabara, hoi!

Nabii Isaya aliliona hilo zamani: hata vijana huzimia na kuanguka, bali wanaomngoja Bwana hupewa nguvu mpya (Isaya 40:30-31). Wewe umejaribu mara ngapi kuacha pombe kwa nguvu zako? Kuacha bangi? Kuacha kamari inayomeza hela yako kila wiki? Unaapa Jumatatu, Ijumaa umerudi pale pale. Si kwamba huna akili. Nguvu za mwili zina mwisho wake. Unahitaji nguvu itokayo juu!

3. ANGALIA UNAKWENDA NA NANI
Wapanda baiskeli wanajua siri moja. Wa mbele anakata upepo, wa nyuma anapumzika kidogo, halafu wanabadilishana. Usiku taa za wenzako zinakuonyesha njia. Na vijijini wenyeji husimama kando ya barabara, wakawapa watu wasiowajua maji na kahawa ya moto bure.

Je, rafiki zako wanakukatia upepo, au wanakusukuma mtaroni? Siku ya raha mko kumi mezani. Siku umelazwa, umekamatwa, au umefukuzwa kazi, uliona wangapi? Mhubiri alisema wawili ni afadhali kuliko mmoja, maana mmoja akianguka mwenzake atamwinua (Mhubiri 4:9-10). Kanisa la watu waliookoka ni msafara kama huo. Nao wanalowa, nao wanachoka, ila hawakuachi gizani.

4. LAZIMA UGEUKE
Hapa ndipo penye kiini cha neno hili. Mtu akifika Brest hawezi kusema, "Mimi ninakwenda vizuri, acha niendelee mbele." Mbele ni bahari! Hata awe na mwendo mkali kuliko wote, asipogeuka hatafika. Kugeuka huko ndiyo njia ya kwenda nyumbani.

Kutubu ni hivyo hivyo. Si kulia tu, wala si kusema samahani halafu ukaendelea na njia ile ile. Ni KUGEUKA. Mwana mpotevu katika Luka 15 alikwenda mbali mpaka akatamani chakula cha nguruwe. Siku moja akazingatia moyoni, akageuka. Akiwa angali mbali, baba yake alimwona akamkimbilia. Hakumsubiri aoge kwanza. Alimkumbatia na uchafu wake!

Kijana, umefika Brest yako. Mbele yako ni bahari. GEUKA!

5. MUHURI HUU HAUNUNULIWI KWA JASHO
Katika safari ile kila mmoja hubeba kadi. Kwenye vituo hugongewa muhuri, na viko hata vituo vya siri asivyovijua mapema. Akikosa muhuri safari yake haihesabiwi, hata akilia. Na hakuna anayeweza kukanyaga pedeli kwa niaba yake.

Lakini, haleluya, hapo mfano wa baiskeli unakoma! Habari Njema ni tofauti. Yesu ameimaliza kazi kwa niaba yako pale msalabani. Hatuokolewi kwa jasho letu, bali kwa neema kwa njia ya imani (Waefeso 2:8-9). Na anayemwamini hutiwa muhuri wa Roho Mtakatifu (Waefeso 1:13). Je, wewe unao muhuri huo? Jina lako limeandikwa katika Kitabu cha Uzima? Saa 90 zikipita, aliyechelewa hahesabiwi. Nasi hatujui saa yetu. Leo ungali na pumzi, mlango u wazi.

Usiseme, "Ngoja nijitengeneze kwanza." Njoo ulivyo, umelowa hivyo hivyo. Hapo ulipo, iwe ni kituo cha basi au kitandani, omba sala hii kwa moyo wako wote:

"BWANA YESU, NIMEKWENDA MBALI NAWE. NIMECHOKA. LEO NINAGEUKA. NISAMEHE DHAMBI ZANGU ZOTE, NIOSHE KWA DAMU YAKO. INGIA MOYONI MWANGU, UWE BWANA NA MWOKOZI WANGU. NIPE NGUVU YA ROHO MTAKATIFU NISIRUDI NYUMA. ANDIKA JINA LANGU KATIKA KITABU CHA UZIMA. AMINA."

Kama umeomba kwa imani, umeokoka! Sasa fanya haya: mwambie mtu mmoja leo hii. Anza kusoma Injili ya Yohana, sura moja kila siku. Jumapili nenda kwenye kanisa linalohubiri wokovu, umwone mchungaji, ubatizwe, usisafiri peke yako. Ukianguka, usilale mtaroni. Inuka, Yesu yupo.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako karatasi hii. Naye huenda mvua imemkuta njiani.

MUNGU AKUBARIKI!