Msomaji Ugenini

Msomaji aliyelelewa na riwaya za siku hizi anapoifungua Kusadikika ya Shaaban Robert, hukumu humtoka upesi: wahusika ni bapa. Majivuno ana majivuno, Karama ana karama, na hakuna anayebadilika tangu kesi ya Karama ifunguliwe mpaka iishe. Hukumu hiyo ni ya kweli, lakini haitufikishi popote. Kitabu hicho cha mwaka 1951 ni istiari. Majina yamewekwa wazi makusudi ili tusipoteze muda tukiichimba nafsi ya Majivuno, bali tuitazame serikali inayotuma wajumbe pande sita, kuanzia kaskazini na kusini hadi mbinguni na ardhini, kisha ikawatia kifungoni kwa sababu ya mambo mapya waliyorudi nayo. Anayelalamika kwamba Majivuno hana utata amekuja na madai ambayo mwandishi hakuahidi kuyatimiza. Ndiyo maana siridhiki na sababu inayotolewa kila mara ya kusoma tanzu tusizozizoea, yaani kwamba zinapanua akili. Hata magazeti hupanua akili. Kazi ya utanzu mgeni ni nzito kuliko hiyo: hutuonyesha kwamba mengi tunayoyaita vigezo vya uandishi bora ni ada tu za utanzu uliotulea.

Wapo watakaosema kwamba tanzu zenyewe ni vibandiko vya wauza vitabu na watunga mitaala, na kwamba sentensi nzuri ni nzuri popote. Tuijaribu hoja hiyo kwa sentensi moja: “Mzee alitoka, akauacha mlango wazi.” Ikikaa katika hadithi ya upelelezi, kwa mfano zile za Bwana Msa alizoandika Muhammed Said Abdulla, msomaji anaukodolea macho ule mlango: nani aliingia baadaye, na kwa nini mzee hakuufunga? Katika ngano, kitu fulani kinakaribia kuingia, na pengine si mtu. Katika riwaya ya ndoa iliyovunjika, mlango hauna siri; una uchungu. Maneno hayakuguswa hata moja. Kilichobadilika ni matarajio ya msomaji, na matarajio hayo hayamo katika sentensi bali katika mazoea ya kusoma vitabu vya aina ile. Vibandiko huenda viliwekwa na wafanyabiashara, lakini mazoea ni ya kweli, nayo hufanya kazi bila kutuomba ruhusa.

Mahali pazuri pa kuyaona mazoea hayo yakigongana ni ule ugomvi wa ushairi wa miaka ya 1970. Kaluta Amri Abedi alikuwa ametoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na kwa wengi shairi lisilo na vina na mizani halikuwa shairi hata kidogo. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akachapisha Kichomi, diwani ya mashairi huru, na moto ukawaka. Mabishano yale husimuliwa kama vita vya wazee na vijana, lakini mimi naona pande zote mbili ziliteleza mahali pamoja. Mwanajadi alisikiliza Kichomi kwa sikio linalongoja kina; kina kilipokosekana, akasikia kelele. Wapo mashabiki wa usasa nao waliosoma tarbia, yaani shairi la jadi la beti za mishororo minne, wakitafuta mawazo peke yake, wakaona vina ni pingu. Atakayesoma tarbia kwa masharti yake ataona kitu kingine. Mshororo wa mizani kumi na sita una kina cha kati kwenye mizani ya nane, kwa hiyo kila wazo lazima lifike kituoni njiani kabla ya kufika mwisho, na mara nyingi neno linaloweza kukaa kituoni pale silo lililomjia mshairi kwanza. Hulazimika kulitafuta jingine, na katika kulitafuta wazo lenyewe hugeuka. Shairi huru halina kituo hicho, ila lina chake: mstari hukatika pale mshairi anapotaka tusite, na kusita huko si sheria bali uamuzi, kwa hiyo kunatudai tuulize sababu. Mwenye kujua mambo haya mawili huisoma tarbia vizuri zaidi kuliko anayeijua tarbia peke yake, kwa sababu ameshaona kwamba kina nacho ni uamuzi, si hali ya hewa.

Pingamizi zito linatoka kwa mafundi. Mshika mawili, watasema, moja humponyoka. Ustadi ni kukaa mahali pamoja miaka mingi. Kwa msomaji hoja hii haina nguvu, maana kusoma hadithi za upelelezi hakumsahaulishi mtu tenzi. Kwa mwandishi ina nguvu, tena nyingi. Anayeuvamia utanzu mgeni bila kujifunza masharti yake huandika kitu kinachofanana na utanzu huo kwa mbali tu, kama yule anayetunga utenzi bila kujua kwamba kipande cha nne cha kila ubeti hubeba kina kile kile toka mwanzo hadi tamati. Ila hapo kosa ni haraka, si kuhama. Shaaban Robert aliandika mashairi, insha, wasifu wa Siti binti Saad, habari za maisha yake mwenyewe na visa vya istiari, wala sijasikia anayesema kwamba wasifu uliuharibu ushairi wake. Julius Nyerere naye alipomtafsiri Shakespeare, mwaka 1963, tamthilia ya Kaizari aliiacha bila vina, kama ilivyo hasa katika asili yake, ingawa vina alivijua sana. Mwaka 1996 ikatoka kazi yake iliyoziweka Injili katika tenzi. Mtu mmoja, lugha moja, na maamuzi mawili yanayopingana kabisa. Katika tamthilia ile, seneta anayebishana jukwaani lazima asikike kama mtu anayefikiri papo hapo, na kina kingewahi kutangaza anakoelekea. Habari ya Yesu, ambayo msikilizaji anaijua mwisho wake kabla ya ubeti wa kwanza, haikuhitaji kumshtua mtu. Ilihitaji mapigo yanayoweza kuimbwa na kukaririwa.