Msomaji, Mfasiri na Amana ya Maana katika Ngano za Wamadura

Katika uhakiki wetu tumezoea kuiweka ngano upande wa fasihi simulizi, na kumwona asiyejua herufi kuwa yuko nje ya ulimwengu wa maandishi. Mapokeo ya Madura, kisiwa kilichoko kaskazini-mashariki ya Java nchini Indonesia, yanatulazimu kuuhoji uainishaji huo. Aidha, yanazua swali la kimaadili: maana ya kisa kilichoandikwa ni ya nani?

Wamadura wana desturi iitwayo mamaca. Msomaji huuimba mswada kwa mahadhi ya macapat, tungo zenye asili ya Kijava na arudhi maalumu. Lugha ya mswada aghalabu ni Kijava cha kifasihi, ambacho wengi katika hadhira hawakielewi. Kwa hiyo msomaji hutua, na mfasiri akafafanua kwa Kimadura. Kisa cha Nabii Yusufu na vile vya ndugu Pandawa wa Mahabharata huwafikia watu kwa njia hiyo. Kusoma, basi, si siri ya mtu na ukurasa wake. Ni kazi ya ushirika.

Ushirika huo umejengwa juu ya amana. Mfasiri akipunguza au akiongeza, wasikilizaji wengi hawana mswada wa kumsahihishia. Je, mamlaka yake yanatoka wapi? Ngano ya Bangsacara na Ragapadmi inaweza kutupa mwanga, ingawa haisemi lolote kuhusu usomaji. Mfalme anamtoa Ragapadmi, mkewe aliyepatwa na ugonjwa wa ngozi, na kumpa mtumishi wake Bangsacara. Ragapadmi anatunzwa, anapona, na mfalme anamtaka tena, Bangsacara anauawa. Dhuluma iko wazi: haki aliyokuwa nayo Bangsacara ilitokana na kutunza, wala si cheo. Kwa mantiki hiyo, mfasiri naye si mmiliki wa maana. Haki yake ya kusema hudumu maadamu anakitunza alichokabidhiwa.

Hatuna budi, basi, kuacha kumwita msikilizaji wa mamaca mtu asiye na kisomo. Yeye ni mshiriki halali wa maandishi. Hata katika mwambao wetu, tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu ziliimbiwa wengi wasiozisoma. Mtafiti anayehifadhi mswada na kumsahau mfasiri na wasikilizaji wake amehifadhi herufi, ila amepoteza usomaji.