Nguo Ikishavuliwa



Nyakati za Mavuno na Krismasi makanisa mengi hutangaza kwamba wenye nguo za ziada wazilete kwa ajili ya wenye shida. Nguo huletwa. Nyingine ni njema, zimefuliwa na kukunjwa. Nyingine hazina vifungo, zipu zimekufa na kwapa zimechanika. Basi mwezi huu tujiulize: kumpa maskini nguo ambayo sisi wenyewe hatuwezi kuivaa, je, ni sadaka, au tunaisafisha tu nyumba yetu?

Sisi wa Chemchem tuna sababu ya kulifikiri jambo hili. Mji wetu wa Tabora ulikuzwa na biashara ya misafara, na katika njia ile nguo ilikuwa fedha. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857, chakula kilinunuliwa kwa nguo na watemi walipewa hongo ya nguo. Shuka ilikuwa mikono 4, doti mikono 8. Merikani, nguo ya pamba iliyotoka viwanda vya Marekani, ilifungwa mitumba na kubebwa begani tangu pwani. Mtumba wakati ule ulikuwa mzigo wa nguo mpya.

Bibi zetu nao waliijua thamani ya nguo. Khanga ilikuwa ya kutokea, kisha ya shambani, kisha ya kumbebea mtoto. Ikizidi kuchakaa ilikuwa winda, halafu ngata ya kubebea maji, na mwisho tambara la kushikia sufuria. Kwa kuwa ni pamba, ilioza ikarudi udongoni.

Leo mtumba ni robota la nguo zilizovuliwa na watu wa mbali. Hatumlaumu auzaye wala anunuaye. Tangu biashara hii ilipofunguliwa miaka ya 1980 imevalisha wengi wetu, na kuivaa tena nguo nzima ni jambo jema. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa polepole. Rwanda ilipandisha ushuru, nchi nyingine zikarudi nyuma. Hayo ni ya serikali.

Letu ni hili. Ndani ya robota hukutwa pia nguo zilizokwisha kabisa. Mtu fulani alizitoa akaridhika kwamba amesaidia. Mchuuzi akifungua robota, hasara ni yake, na taka ni za mji wetu. Nyingi ni za nailoni na poliesta: shimoni haziozi upesi, na zikichomwa hutoa moshi mbaya. Tukinung'unikia tendo hilo, tutawezaje kumtendea jirani yetu vivyo hivyo?

Wengine watasema, "Afadhali nguo iliyochanika kuliko kukaa uchi." Ni kweli. Lakini kama sindano na uzi tunavyo, kwa nini tusishone kwanza ndipo tutoe? Yohana Mbatizaji alimwagiza mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo (Luka 3). Hakumwambia angoje mpaka ichakae.

Tena jambo hili huanzia dukani. Kila harusi ina sare yake, na kila jubilei ina kitenge chake. Mama analipa kwa shida, anakivaa siku moja, kisha kinakaa sandukuni. Kamati zetu zingeweza kuchagua rangi ambayo watu wanayo tayari. Sare ya kwaya nayo itumike miaka. Tukienda sokoni tuvute mshono, tutazame kola na kwapa, tujiulize nguo hii tutaivaa mara ngapi. Bei rahisi ya nguo ya mwezi mmoja ni ghali. Na fundi cherehani yupo barazani. Kumpelekea suruali ya kutia kiraka ni kumpa riziki.

Hata askari waliomsulubisha Bwana, walipoiona kanzu yake isiyo na mshono, hawakutaka kuichana (Yohana 19).

Basi kabla ya Mavuno yajayo, kila nyumba ikague nguo zake. Iliyo nzima ifuliwe na kupelekwa. Yenye kasoro ishonwe, vifungo vitiwe. Ile ambayo tungeona haya kumvalisha mtoto wetu ibaki kwetu, iwe tambara.