Mpokezi Asiye na Dhamira

Mtu anapounda roboti kwa lugha ya Python ili iwapashe wachezaji wa Trackmania, mchezo wa kompyuta wa mbio za magari, habari za ramani za mashindano, je, roboti hiyo inatoa ushahidi, au inapitisha maneno tu? Wanazuoni wa Hadithi za Mtume walishughulika na jambo la aina hii karne nyingi zilizopita, walipowapima wapokezi kwa mizani miwili: uadilifu wa mtu, na udhabiti wake wa kuhifadhi na kufikisha alichopokea bila kukipotosha. Kwa udhabiti, roboti inamshinda binadamu. Uadilifu haina hata chembe, na kwa hiyo mzigo wake wote unamwangukia aliyeiunda.

Tazama kazi yenyewe. Mchezaji anaandika jina la ramani kwenye jukwaa la mazungumzo la Discord, roboti inaiuliza seva ya mchezo, kisha inarudi na jina la mtunzi pamoja na muda wa kila medali: shaba, fedha, dhahabu na ile ya mtunzi. Seva huleta muda kwa milisekunde, hivyo 45123 ni sekunde 45.123. Mwandishi wa programu akigawa kwa 100 badala ya 1000, roboti itamtangazia kila anayeuliza sekunde 451.23, usiku na mchana, wala haitashtuka kama ambavyo mtu angeshtuka kuona namba isiyoingia akilini. Na hata hesabu ikiwa sawa, bado ukweli haujapatikana. Mwaka 2021, wachezaji waliochunguza faili za rekodi za matoleo ya zamani ya Trackmania walibaini kwamba baadhi ya nyakati zilizosifiwa zilipatikana kwa kupunguza kasi ya mchezo kwa siri. Roboti iliyonukuu nyakati hizo ingenukuu barabara, na bado ingeeneza uongo.

Wapo watakaosema roboti haina nia, na pasipo nia hakuna uongo. Ni kweli, lakini hoja hiyo inaisafisha mashine tu. Mwenye mashine ndiye aliyechagua chanzo, na ndiye aliyeamua kutokitaja. Wengine watasema huu ni mchezo tu. Kijana anayefanya mazoezi kwa miezi akifukuza muda wa kughushi ameibiwa jasho lake, na jasho ni jasho, liwe la mchezo au la shamba. Basi wewe unayeunda roboti, weka katika kila jibu chanzo cha habari, saa ilipochukuliwa, na mtu wa kuulizwa ikikosea. Ni mistari michache tu ya programu.