Nyumba na Miti: Je, Ajengaye Aweza Kuwa Mwizi?

Tangu mafundisho ya Kipaimara twajua ya kuwa Amri ya 7 yatukataza kuiba. Twajua tena ya kuwa Dakta Martin Luther, alipoeleza ombi la mkate wa kila siku katika Katekisimo Ndogo, aliihesabu nyumba pamoja na chakula na mavazi. Basi nyumba ni kipaji cha Mungu, wala si dhambi mtu kutamani kukaa mahali pazuri. Lakini kipaji chema chaweza kutafutwa kwa njia isiyo ya haki. Kwa hiyo twauliza mwezi huu: mtu ajengaye kwa miti aliyoikata mwenyewe, asiyegusa ghala ya jirani yake, je, yawezekana akawa amemwibia mtu?

Kwa ndugu zetu wa Ziwani, na wote wakaao pwani ya Mtwara mpaka mdomo wa Mto Ruvuma, swali hili li karibu sana. Nyumba nyingi za huko zimesimama kwa nguzo na fito, ukuta wake ni udongo wa mahali pale pale, na paa lake ni makuti. Hazigombani na nchi. Siku hizi wageni nao huzipenda nyumba za namna hii. Katika kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, ambako matumbawe yamehifadhiwa kwa sheria tangu mwaka 1994, vimejengwa vibanda 7 vya wageni vyenye mapaa ya makuti, na kila kimoja hukinga maji yake ya mvua. Ni kazi nzuri. Lakini wako wengi wanaotazama makuti na nguzo tu, wakadhani ya kuwa hayo yatosha. Yatupasa kupambanua mambo mawili: kufanana na nchi, na kupatana nayo. Kibanda chaweza kufanana sana na msitu, hali kimekwisha kuumaliza msitu.

Tuiangalie mikoko. Tangu mwaka 2000 Ghuba ya Mnazi na mdomo wa Ruvuma ni hifadhi ya bahari, na katika matope yake husimama mkoko, mkandaa, mchu na mlilana. Miti hii hutoa boriti ngumu, zisizoliwa upesi na wadudu. Lakini mizizi yake ndiyo malezi ya kamba na samaki wachanga; tena huyashika matope yasichukuliwe na maji, na kuvunja nguvu za mawimbi. Mwezi wa Aprili mwaka 2019 tufani iliyoitwa Kenneth ilipiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na watu wa Mtwara waliagizwa kujihadhari. Hapo mtu aweza kufahamu mikoko ni kitu gani. Aikataye pasipo kipimo hakuingia ghalani mwa mtu. Lakini amepunguza samaki katika wavu wa jirani yake, na kuondoa ngao ya mtoto asiyezaliwa bado. Wala hao wawili hawakuulizwa alipokuwa akinoa shoka lake.

Torati yatufundisha jambo hili mahali pamoja. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 6 na wa 7, mtu aonaye kiota apewa ruhusa kutwaa makinda, lakini mama yao amwache aende zake. Yaani, twaa tunda, usiiondoe asili yake. Na mstari wa 8 wafuata mara moja wenye habari ya kujenga: ajengaye nyumba mpya aweke ukingo darini, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Basi mjenzi ataulizwa habari za watu wasio wa nyumba yake. Nasi twasema ya kuwa mikoko ni ukingo wa dari ya pwani yetu; auondoaye kwa kujengea nyumba yake amevunja ukingo wa nyumba ya wote.

Labda mtu atasema, “Basi tuiache miti kabisa, tujenge kwa matofali.” Neno hili laonekana jema, lakini tulipime. Tanuri la matofali hula kuni nyingi, na huenda miti iliyoteketea humo ikazidi ile ambayo ingesimama ukutani. Saruji nayo hutoka katika mawe yaliyochimbwa na kuunguzwa kwa moto mkali, na moshi wake hauishi hapa. Tena bei yake humshinda maskini. Hakuna nyumba isiyo na deni kwa nchi. Swali ni hili: deni hilo laweza kulipwa, au wataachiwa wajukuu?

Wazee wa pwani walijua kipimo. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja vyumba ni virefu lakini vyembamba, karibu mita 3, kwa sababu boriti haikuweza kuvuka zaidi. Mti ndio uliokipima chumba, wala si tamaa ya mwenye nyumba. Na siku zetu hizi, kule Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilitenga misitu yao, vikapanga kiasi cha kukata, na mwaka 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha utunzaji mwema wa msitu. Humo umo mpingo, mti uwezao kungoja miaka 70 au zaidi kabla ya kukomaa. Aukataye hakuupanda, aupandaye hataukata. Ajuaye hivi hulishika shoka kwa adabu.

Sharika zetu nazo hujenga, na nyumba ya mwinjilisti hujengwa mara kwa mara kwa kuwa nguzo zimeoza. Basi tuanzie hapo. Nguzo isizikwe udongoni penye mchwa na maji, bali isimame juu ya msingi wa mawe. Paa litokeze mbali, mvua isiupige ukuta. Nyumba idumuyo miaka 20 mahali pa 10 imeupunguzia msitu nusu ya mzigo. Minazi mizee isiyozaa tena yaweza kupasuliwa mbao. Mivinje hukua upesi mchangani. Na ipandwe leo kwa ajili ya nyumba ya kesho. Na mikoko isiguswe pasipo kibali, hata kama ni kwa kazi ya Kanisa.

Nabii Yeremia, katika sura ya 22, alimkemea Mfalme Yehoyakimu aliyejijengea nyumba ya mierezi. Hakuikemea mierezi, wala uzuri wa nyumba; alikemea ya kuwa jirani alifanya kazi asilipwe. Hivyo swali letu lapata jibu: naam, ajengaye aweza kuwa mwizi, hata akijenga kibanda cha makuti, ikiwa wengine ndio wanaolipa. Ndugu, kabla hatujahesabu nguzo za nyumba mpya, tuhesabu kwanza miche tuliyoipanda. Bwana aliyetupa nchi hii atatuuliza tumeiachaje.