Neema, Matendo na Sharti la Ubatizo Mbozi

Fundisho la kuhesabiwa haki kwa imani, yaani kwamba mwenye dhambi hukubaliwa na Mungu kwa ajili ya kazi ya Kristo wala si kwa ujira wa matendo yake, lilifika katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Songwe pamoja na wamisionari wa Moravian kutoka Ujerumani, ambao walianza kazi Rungwe mwaka 1891 na kufungua kituo cha Mbozi, kwa Wanyiha, karne ya 19 ilipokuwa ikimalizika. Hao walikuwa warithi wa Nikolaus von Zinzendorf, kabaila wa Saksonia, aliyebishana na John Wesley jijini London tarehe 3 Septemba 1741: Wesley alishikilia kwamba aliyeokolewa hukua katika utakatifu, naye Zinzendorf akajibu kwamba utakatifu wote wa mwamini umo ndani ya Kristo, hivyo siku anapoamini huwa mtakatifu kamili.

Kwa urithi kama huo, ingetarajiwa kwamba kila aliyeamini angebatizwa bila kizuizi. Haikuwa hivyo, kwani katika misheni nyingi za wakati ule mume wa wake wengi aliyeomba ubatizo alitakiwa kwanza abaki na mke mmoja. Traugott Bachmann, aliyehudumu Mbozi hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, naye alianza kwa ukali dhidi ya mila za Wanyiha. Lakini kadiri alivyoishi nao na kujifunza lugha yao, alibadilika, hata akatetea kwamba mtu wa namna hiyo apokewe bila kuwafukuza wake zake.

Uzito wa badiliko hilo huonekana mtu anapouliza sharti lenyewe lilimwangukia nani. Mke mdogo, aliyetolewa mahari na ambaye ndoa yake ilitambuliwa na koo mbili, angeliacha shamba alilolilima kwa mkono wake, arudi kwa kaka zake ambao pengine mahari wamekwisha kuitumia, na watoto wabaki kwa baba yao, ilhali yeye hakuwa ametenda kosa lolote. Usafi wa mume ungelipiwa na mwanamke. Na neema, ambayo Paulo anawaandikia Warumi kwamba hutolewa bure pasipo matendo ya sheria, ingekuwa imetiwa bei.

Hata hivyo, wanaohofia neema isiyodai kitu wana hoja, na ushahidi wake haufichiki Tunduma, mji wa mpakani wenye misururu ya malori na makanisa mengi. Mnunuzi aliyeshuhudia wokovu wake Jumapili aweza Jumatatu kumdai mkulima wa mahindi lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo na kushonewa kilemba juu, kisha akalipa bei ya gunia la kawaida. Barua ya Yakobo inaiita imani isiyo na matendo kuwa mfu, na ni kweli. Ila Yakobo anasema na watu waliokwisha kuamini, wala hamwekei masharti anayebisha hodi. Ndiyo maana wanateolojia hutenganisha kuhesabiwa haki, ambako ni tendo la Mungu peke yake, na utakaso, yaani safari ya mwamini kubadilika kwa msaada wa Roho. Walutheri na Wakatoliki, waliogawanyika juu ya jambo hili tangu karne ya 16, walitia sahihi tamko la pamoja mjini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999, wakikiri kwamba mtu hukubaliwa kwa neema tu, na kwamba neema hiyohiyo humwita atende mema.

Basi mafundisho ya ubatizo na kipaimara katika makanisa ya Mbozi, Momba na Tunduma hayana budi kuitaja lumbesa kwa jina lake, na mwamini aliyempunja mkulima afundishwe kurudisha alichochukua, kama Zakayo, ambaye aliahidi kurudisha mara nne baada ya Bwana kukubali kuingia nyumbani mwake.